Shule ya Parokia na Lugha Yake katika Nchi ya Njombe na Makambako

Katika miji ya Njombe na Makambako zipo leo shule za msingi za Kanisa Katoliki, nyingine chini ya parokia, nyingine chini ya masista, ambamo mtoto hufundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Wazazi hulipa ada, na kwa wengi wao ada hiyo hutoka katika viazi, mahindi au miti ya mbao. Wala hakuna anayeliona jambo hili kuwa geni. Lakini mtu aliyefuatilia habari za shule ya parokia katika nchi hii hana budi kusita kidogo. Shule hiyo hiyo ilipoanza kuenea, katika miaka ya 1920 na 1930, ilikuwa mojawapo ya njia kuu zilizokiingiza Kiswahili Ubena. Tena ilikiingiza kwa kusudi, mahali ambapo Wakristo wengine, waliotangulia kufika, walikuwa wakifundisha kwa Kibena. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi shule ya parokia ilivyochagua lugha yake mara ya kwanza, jinsi ilivyotwaliwa na Serikali pamoja na lugha hiyo, na jinsi ilivyorudi ikiwa na lugha nyingine.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Njombe imekuwa mkoa tangu mwaka 2012, lakini zamani za Waingereza ilikuwa wilaya moja kubwa, iliyoanzia Makambako, penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, ikafika hata ufuko wa Ziwa Nyasa. Wenyeji wake ni Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wawanji na Wakisi. Na kwa upande wa kaskazini hupakana na Wahehe na Wasangu. Lugha zao zote, kwa mpango wa Malcolm Guthrie, zimo katika kundi la G60, na Kibena na Kihehe zimekaribiana hata Martin Priebusch, mmisionari wa Berlin, akaziandikia sarufi moja, iliyochapwa mwaka 1935. Kwa mtoto wa Kibena, basi, Kiswahili hakikuwa lugha ya ng'ambo. Ngeli alizijua, upatanisho wa viambishi aliujua, kitenzi alikuta kimejengwa kwa mawe yale yale aliyoyazoea nyumbani. Hata hivyo tofauti hazikukosekana. Kibena ni lugha ya toni, na Kiswahili sivyo. Majina ya Kibena hutanguliwa na irabu: Mswahili asemapo mtu na watu, Mbena husema umunu na avanu. Tena ziko zile sauti zilizotoka katika Kiarabu, ambazo zilimsumbua mwalimu kama zilivyomsumbua mwanafunzi, hata thelathini ikawa selasini na dhambi ikawa zambi, na padre mwenyewe, akiwa Mjerumani au Mwitaliani, hakuwa na ulimi wa kumsahihisha mtu.

Wamisionari wa Kiprotestanti wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda Ukinga, kisha wakaingia Ubena, wakajenga vituo kama Kidugala, Yakobi na Lupembe. Wao walishika kanuni moja ambayo makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani yaliithamini sana, kwamba Neno la Mungu halimwingii mtu ila kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kwa hiyo walijifunza Kikinga na Kibena, wakavitungia alfabeti, wakatafsiri Maandiko na nyimbo, na shule zao ndogo zikafundisha kusoma kwa lugha hizo. Hata baada ya vita vya Maji Maji, ambapo mwezi wa Septemba 1905 watu wa mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, kazi hiyo iliendelea pale pale ilipokatizwa. Mtu asiidharau. Maneno mengi ya Kibena tunayoyajua kwa maandishi tunayajua kwa juhudi ya watu hao, na Walutheri wa Njombe waliimba kwa Kibena kwa muda mrefu kuliko Wakatoliki walivyowahi kufanya.

Wabenediktini wa St. Ottilien walikuja kwa njia nyingine kabisa. Walianzia pwani: mwaka 1888 walijenga Pugu, nyuma ya Dar es Salaam, na mwezi wa Januari 1889 misheni hiyo ikavunjwa katika vita vya Abushiri. Walipoingia bara walikuwa wamekwisha jifunza Kiswahili, wakakichukua pamoja na mizigo yao. Tosamaganga katika Uhehe ilianzishwa katika miaka ile ile Mkwawa alipokuwa akiwindwa, na Peramiho katika Ungoni mwaka 1898. Mwanzilishi wa Peramiho, Cassian Spiss, alikuwa mtu wa lugha hasa. Mwaka 1900 alitoa orodha ya maneno ya Kihehe katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, na mwaka 1904, akiwa tayari askofu, akatoa maelezo ya Kingoni na Kisutu, ambayo hata leo hatuna budi kuyarudia tukitaka kujua jinsi Kingoni cha asili ya Kizulu kilivyomezwa na lugha za wenyeji. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 1905, aliuawa pamoja na wenzake njiani katika nchi ya Liwale, na mwezi wa Septemba Peramiho ikachomwa moto.

Namtaja Spiss kwa sababu moja. Kama Wabenediktini walichagua Kiswahili kwa shule zao, si kwamba walizipuuza lugha za wenyeji wala kwamba walishindwa kujifunza. Askofu wao alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa lugha hizo kwa zamani zake. Walichagua Kiswahili kwa kuwa eneo lao lilianzia Bahari ya Hindi likafika Ziwa Nyasa, lenye lugha zisizopungua kumi na tano, na padre aliyekuwa leo Lukuledi kesho aliweza kutumwa Kigonsera. Walikichagua pia kwa kuwa Serikali ya Kijerumani ilikitaka kwa makarani na maakida wake, na shule iliyofundisha Kiswahili ilitazamwa kwa jicho jema. Iko sababu ya tatu, ambayo sioni ikitajwa mara nyingi: sala za Kikatoliki zilikuwa za Kilatini, na padre aliyezoea kuona wakulima wa Bavaria au wa Uswisi wakisali katika lugha isiyo ya nyumbani hakuona vibaya Mbena naye asali katika lugha isiyo ya nyumbani. Mlutheri asingeliweza kufikiri hivyo.

Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 ilichanganya mipaka. Wajerumani wa madhehebu yote waliondolewa. Vituo vya Berlin viliangaliwa kwa muda na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka Nyasaland. Na kwa upande wa Iringa wakaja, mwaka 1919, wamisionari wa Consolata, Waitaliani wa Torino, wakitoka Kenya. Huko Nyeri watu hawa walikuwa wamezama katika Kikikuyu. Tosamaganga walikuta shule na vitabu vya Kiswahili, wakaendelea navyo. Mwaka 1922 Iringa ilifanywa eneo la kanisa la peke yake, na mwaka huo huo Gallus Steiger, Mbenediktini wa Uswisi, alipewa uongozi wa Lindi, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Peramiho. Mwaka 1931 Peramiho ikatengwa na Ndanda, Steiger akawa abate wake. Na ni mwaka ule ule ambapo watawa wa Peramiho walianzisha misheni ya Uwemba, kusini ya Njombe, katikati ya Ubena iliyokuwa imekwisha sikia Injili kwa Kibena kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Hivyo nchi tunayoizungumzia ililelewa kwa mikono miwili ya Kikatoliki: upande wa kusini ulitazama Peramiho, na upande wa kaskazini, penye njia ya Iringa, ulitazama Tosamaganga. Mikono yote miwili ilishika Kiswahili.

Sasa tuingie shuleni. Mtu anayesikia leo neno "shule ya parokia" huwaza majengo ya tofali karibu na kanisa kubwa. Hiyo ilikuwako, ndiyo shule ya misheni yenyewe; lakini watoto wengi hawakuanzia hapo. Walianzia kigangoni, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu kutoka misheni, katika nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi, ambayo Jumapili ilikuwa kanisa na siku nyingine darasa. Mwalimu alikuwa mmoja. Asubuhi alifundisha sala na katekisimu, kisha kusoma, kuandika na hesabu. Mchana watoto walikwenda shambani kwake au kwa wazazi wao. Masika, ulanzi ulipokuwa ukitoka kwa wingi katika mianzi, mahudhurio yalipungua, na miezi ya Juni na Julai baridi ya Njombe ikamzuia mtoto asiye na nguo. Hakuna aliyepewa cheti. Mtoto aliyejua kusoma alipelekwa misheni kuingia darasa la kweli, na aliyebaki alibatizwa, akaoa, akalima.

Msamiati wa shule hiyo unastahili kutazamwa, maana unatueleza mambo ambayo daftari za misheni hazikuyaandika. Neno shule lenyewe ni la Kijerumani, nalo lilibaki bara hata baada ya Wajerumani kuondoka, ilhali Unguja, ambako Kiingereza kilitangulia, watu walisema skuli. Mwalimu wa kigango na katekista walikuwa mtu mmoja, wakaitwa kwa jina moja. Na mpaka leo Mkatoliki wa vijijini amwitapo mtu "mwalimu" hana budi kueleza kama ni wa shule au wa dini. Wakatekumeni waliitwa wasomaji, na kusoma kukawa na maana ya kujifunza dini kabla ya kuwa na maana ya kujua herufi. Hata neno kusali lilihama: katika Kiswahili cha bara mtu akuulizapo "wasali wapi?" hakuulizi mahali unapopiga magoti, ila dhehebu lako. Maneno ya namna hii hayakutoka Mrima wala Unguja. Yalizaliwa katika nyumba zile za nyasi, yakaenea, na wana kamusi wakachelewa kuyaona.

Kadhalika Kiswahili kiligawanyika kwa dini. Mkatoliki alisema Yezu Kristu, na Mlutheri alisema Yesu Kristo. Huyu alikuwa na padre, misa, komunyo na kipaimara, na yule alikuwa na mchungaji, ibada na Chakula cha Bwana. Mtoto wa Uwemba na mtoto wa Yakobi, wote Wabena, pengine wana wa ndugu, waliweza kutambuana kwa herufi moja tu. Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ilisanifisha tahajia ya vitabu vya shule, na misheni zikatii katika vitabu vya hesabu na jiografia. Katika vitabu vya sala hazikutii upesi. Naona hapo jambo la kupendeza: usanifishaji ulifika mpaka mlango wa kanisa, ukabisha hodi, ukaambiwa usubiri.

Serikali ya Kiingereza ilianza kuzitazama shule hizi kwa makini baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwezi wa Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliwakutanisha wamisionari na maofisa Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu: shule yenye mwalimu mwenye cheti na mtaala wa Serikali ilistahili msaada wa fedha, na ile isiyo navyo iliachwa ijitegemee. Kwa misheni hili lilikuwa swali gumu, kwani fedha ya Serikali huja na mkaguzi wake. Jibu la Wakatoliki lilitoka kwa Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliyewaambia maaskofu waliokutana Dar es Salaam mwaka 1928 washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote, na ikiwa haiwezekani kujenga kanisa na kuimarisha shule kwa pamoja, basi shule itangulie. Maneno hayo ni mazito kwa mtu wa kanisa, na yaligeuza kazi ya parokia. Tangu hapo padre wa Uwemba au wa Tosamaganga alikuwa pia meneja wa shule, mwenye kuandika hesabu za mishahara na kungojea barua ya Idara ya Elimu.

Fedha hiyo ilikisaidia Kiswahili kuliko amri yoyote. Mtaala wa Serikali kwa madarasa ya chini ulikuwa wa Kiswahili. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa wa Kiswahili. Shule ya Kilutheri iliyotaka msaada ililazimika kukiacha Kibena mlangoni, au kukifungia katika saa ya dini. Shule ya Kikatoliki haikuwa na kitu cha kuacha. Wakatoliki waliochelewa kufika Ubena walijikuta, kwa sababu ya lugha tu, wamesimama mahali ambapo Serikali ilikuwa ikielekea.

Pembeni mwa habari hii ipo shule moja ya Serikali ambayo siwezi kuipita kimya, nayo ni Malangali, si mbali na Makambako kwa njia ya Iringa. W. Bryant Mumford, aliyeiongoza tangu mwaka 1928, alitaka kufanya kinyume cha misheni: wanafunzi wavae nguo za kikabila, wacheze ngoma zao, wazee waje kuwafundisha mila. Wataalamu wa Ulaya walipenda sana kusoma habari zake. Wazazi wengi walikuwa na haja nyingine, na haja hiyo hatuwezi kuieleza pasipo kutaja mkonge.

Njombe ilikuwa nchi ya kutoa watu. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana nyumbani. Kwa hiyo wanaume walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye chai ya Mufindi, na zaidi ya yote kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944 shirika la wenye mkonge la kuandikisha vibarua, SILABU, lilikusanya watu katika wilaya hizi na kuwapakia kwenye malori. Kambini mwa mkonge Mbena alikaa na Mnyamwezi, Mmakonde na Mrundi, na lugha ilikuwa moja. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Kiswahili kililetwa Ubena na shule peke yake. Manamba alirudi nacho pia, na pengine alikisema kwa wepesi kuliko mwalimu. Lakini manamba alikileta cha mdomo. Barua ilihitaji mtu wa shule. Mume alitafuta karani kambini amwandikie, na barua ilipofika kijijini, ikiwa na hawala ya fedha ndani yake, mke alimpelekea mtoto wa darasa la tatu amsomee. Mtoto alisoma kwa Kiswahili, akamweleza mama kwa Kibena, akaandika jibu kwa Kiswahili. Mambo ya siri ya nyumba, ya mahari, ya ng'ombe, ya mtoto aliyekufa, yote yalipita katika kinywa na kalamu ya mtoto wa miaka kumi. Nadhani hapo ndipo mzazi asiyejua kusoma alipokata shauri kwamba shule ina maana. Wala hakuomba kufundishwa Kibena. Kibena alikuwa nacho.

Vita ya pili iliwaondoa tena wamisionari wa Kijerumani wa Berlin, na Wasweden wakaja kushika mahali pao. Kidugala, kituo cha Kilutheri, ikafanywa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, ambao walikuwa Wakatoliki na walisomesha watoto wao Kipolandi. Hivyo katika wilaya moja, kwa miaka michache, palifundishwa Kiswahili, Kibena, Kikinga, Kiingereza na Kipolandi. Na ni Wapolandi tu waliokuwa na hakika kamili kwa nini wanafundisha lugha yao.

Mwaka 1951 tume ya elimu iliyoongozwa na A. L. Binns ilipita Afrika Mashariki na Kati, na katika maoni yake ilisema Kiswahili kiondolewe polepole shuleni: mtoto aanze kwa lugha ya kwao, kisha aende Kiingereza moja kwa moja. Kama shauri hilo lingalifuatwa, hesabu yote ya Njombe ingalipinduka. Halikufuatwa, na sababu kubwa ni shule zilizokuwako. Vitabu vilikuwa vya Kiswahili, walimu waliosomeshwa upande wa Peramiho na Tosamaganga walikuwa wamefunzwa kwa Kiswahili, na mtihani wa darasa la nne, uliomchuja mtoto kabla ya kuingia shule ya kati, ulikuwa umekwisha zoeleka. Maelfu ya vijumba vya nyasi havigeuzwi kwa kurasa za ripoti. Mwaka 1954 TANU ilipoundwa ilikuta lugha ya mikutano yake iko tayari hata katika vilima vya Ukinga.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Walimu wa misheni na wa Serikali waliwekwa chini ya utumishi mmoja mwaka 1962. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu misa isomwe kwa lugha za watu, na Kilatini kilipoondoka Ubena, mahali pake pakachukuliwa na Kiswahili, si Kibena. Vizazi viwili vya wasomaji vilikuwa vimekwisha jiandaa. Mwezi wa Machi 1967 Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo Serikali ikaamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi. Jimbo Katoliki la Njombe liliundwa mwaka 1968. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za msingi za misheni zikawekwa mikononi mwa Serikali na halmashauri zake. Jimbo lilikuwa bado changa, na Raymond Mwanyika, askofu wake wa kwanza, alipoanza kazi mwaka 1971, alirithi parokia zilizokuwa na shule uani lakini si zake tena.

Wengine wameliandika tendo hilo kama dhuluma, na wengine kama haki iliyochelewa. Mwenye kutazama lugha huona jambo la tatu, kwamba ndani ya darasa hapakubadilika kitu kikubwa. Mwalimu alikuwa yule yule, vitabu vile vile, Kiswahili kile kile. Majina ya watakatifu yalifutika katika shule nyingi na ya vijiji yakaandikwa, na mtoto wa Kilutheri akaketi na wa Kikatoliki katika dawati moja bila mtu kuuliza anasali wapi. Serikali ilitwaa chombo kilichokuwa kimekwisha chongwa kwa kazi iliyotaka. Katika miaka iliyofuata reli ya TAZARA ilipita Makambako, ujenzi wake ukiwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Watu walihamishiwa vijijini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto aingie shule, na mwaka 1977 likatimizwa. Makambako ikakua kutoka njia panda hata ikawa mji wa watu wa kila kabila, ambao mtoto aliyezaliwa humo angeweza kukua akiwa hajui lugha nyingine ila Kiswahili.

Tangu miaka ya 1990 milango ilifunguliwa upya. Mwaka 1992 Serikali na makanisa waliandikiana mkataba wa kushirikiana katika elimu na afya, na sera ya elimu ya mwaka 1995 ikakaribisha watu binafsi na mashirika kuanzisha shule. Shule za zamani, kwa sehemu kubwa, hazikurudi kwa parokia. Ziliendelea kuwa za umma. Parokia na masista walijenga mpya, mara nyingine ng'ambo tu ya ua. Na shule mpya haikuwa na sababu ya kufanya kazi ambayo shule ya umma iliifanya bure, hasa baada ya ada ya shule za msingi za umma kufutwa mwaka 2001. Ilihitaji kitu ambacho jirani yake hakuwa nacho. Kitu hicho kilikuwa Kiingereza.

Simlaumu mzazi. Ajua kwamba shule ya sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na kwamba mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza kama mgeni. Ni mzazi yule yule wa zama za mkonge, mwenye kuuliza lugha ya barua itakayofika ni ipi. Lakini kuna tofauti ambayo haifichiki. Shule ya kigango ilifundisha lugha ambayo mtoto, akisha kuijua, aliweza kuisema na mtu yeyote aliyekutana naye njiani kutoka Makambako hata Tanga, na hata mwenzake aliyeacha shule darasa la pili aliipata kwa kusikia. Kiingereza cha shule ya ada hakisikiki sokoni Makambako; hakiokotwi njiani. Mtoto aliye nje ya ua hakipati, na aliye ndani hana wa kusema naye isipokuwa wenzake wa darasani. Shule ya kwanza ya parokia iliwakuta Wabena, Wakinga na Wapangwa wametengwa kwa lugha, ikawapa moja. Ya pili imewakuta wote wana moja, ikawatenga kwa nyingine.

Na Kibena? Michelle Morrison alikiandikia sarufi ndefu katika tasnifu yake ya mwaka 2011, nayo ni kazi njema. Mwanzo wa kazi ya namna hiyo uliwekwa na watu wa Berlin, ambao hoja yao juu ya lugha ya mama ilishindwa shuleni kabla ya Priebusch kuchapa kitabu chake. Mbena akikusalimu asubuhi kwa "kamwene" bado huitikiwa kwa Kibena, ila mazungumzo yakiwa ya shule, ya fedha au ya hospitali huhamia Kiswahili kabla ya dakika kupita.

Katika ua wa parokia lugha zote mbili za shule zaendelea kukaa pamoja. Juma zima mtoto hujifunza sayansi na hesabu kwa Kiingereza. Afikapo kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista humkalisha na watoto wa shule ya umma kwenye benchi moja, huwafundisha Baba Yetu na Amri Kumi kwa Kiswahili, nao humwita mwalimu.